Saa yangu inasema nimeunguza kalori 540 kwa kutembea saa moja. Je, niiamini?

Swali
Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Nina uzito wa kilo 80, na kila alfajiri hutembea kilometa 5 kwa saa moja kwenye barabara tambarare. Saa ninayovaa mkononi huniandikia kalori 540, nami kwa kuitegemea nimekuwa nikiongeza chapati mbili kwenye chai ya asubuhi. Huu ni mwezi wa tatu na mizani haijashuka. Naomba kuelekezwa namna ya kukokotoa mwenyewe.

Jibu la 1
Ndugu, wataalamu wa mazoezi hutumia kipimo kiitwacho MET. MET 1 ni nishati ambayo mwili hutumia ukiwa umekaa umetulia, yaani takriban kalori 1 kwa kila kilo ya uzito kwa saa. Mwendo wako hukadiriwa kuwa MET 3.5, kwa hiyo 3.5 mara kilo 80 mara saa 1 ni kalori 280. Hata hivyo, ndani ya hizo zimo 80 ambazo ungezitumia hata kama ungebaki umekaa sebuleni, na hapa ndipo wengi wetu hukosea. Matembezi yenyewe yamekuongezea 200 tu.

Jibu la 2
Nakubaliana na aliyetangulia. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipima vifaa saba vya mkononi, wakaona kwamba vingi vilisoma mapigo ya moyo vizuri, lakini kwenye kalori hata kilichokaribia ukweli kuliko vingine vyote kilikosea kwa wastani wa asilimia 27. Saa hizi hukadiria kalori kwa kutegemea pia mapigo ya moyo, ilhali joto au wasiwasi huweza kuyapandisha bila misuli kufanya kazi ya ziada. Tafadhali hakikisha pia uzito ulioingizwa kwenye saa ni wako.

Jibu la 3
Hata hizo 200 usizile zote. Mtafiti Herman Pontzer na wenzake waliwapima Wahadzabe, jamii ya wawindaji na wakusanyaji wa chakula wa karibu na Ziwa Eyasi, Tanzania, na katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 ilionekana kwamba, ukizingatia ukubwa wa mwili, nishati wanayotumia kwa siku haizidi ya Wamarekani na Wazungu, ijapokuwa wao hutembea sana wakitafuta chakula. Inaelekea mwili hubana matumizi kwingine. Matembezi usiyaache, kwa kuwa moyo wako unayahitaji, ila punguza chapati.

Muuliza swali
Ahsanteni sana. Nimefungua saa sasa hivi na kukuta uzito uliomo ni kilo 104, wa kaka yangu aliyenipa saa hii. Nimeurekebisha, na kesho alfajiri nitaanza na hesabu ya 200.