Mzee kapata shambulio la moyo, tunaambiwa tumpeleke India akawekewe seli shina. Ni salama?

Mwana_Ujiji: Wakuu, habari za jioni. Baba yangu mdogo, miaka 61, alipata shambulio la moyo. Hospitali ya Maweni hapa Kigoma walimpokea, akapewa rufaa hadi Taasisi ya Jakaya Kikwete, Dar, wakamzibua mshipa na kumwekea stenti (kibomba cha kuuweka mshipa wazi). Amerudi Kigoma, lakini akienda msikitini lazima apumzike njiani. Eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) ilisema moyo unasukuma asilimia 35 ya damu iliyomo kwa kila pigo. Sasa shemeji kaleta mratibu wa safari za India: wanatoa seli shina, yaani seli changa zinazoweza kugeuka seli za aina nyingine, kwenye uboho wa mgonjwa, wanazirudisha moyoni, eti misuli iliyokufa inaota upya. Gharama yake ni kuuza shamba la michikichi. Shamba si neno (uongo, linaniuma), hofu yangu ni mzee aende anatembea, arudi kwenye sanduku. Nawasilisha.

Fundi_Mashua: Pole mkuu. Jirani yetu alifanyiwa, sasa anapanda kilima cha Mwanga bila kuhema. Msimnyime mzee nafasi.

Dr_Asali_Tabora: Pole sana. Kwa seli za uboho wa mgonjwa mwenyewe, swali la usalama limejibiwa kwa kiasi kizuri. Mapitio ya 2015 ya Cochrane, mtandao unaochambua tafiti za tiba, yalikusanya majaribio 41, wagonjwa zaidi ya 2,700, wote wametoka kwenye shambulio la moyo. Madhara makubwa hayakuongezeka. Ila vifo navyo havikupungua. Ulaya wakaanzisha jaribio la seli hizohizo, BAMI, wakitaka wagonjwa 3,000, wakapata 375 tu; majibu ya 2020 hayakuonyesha tofauti ya maana.

Seli za aina nyingine zina mambo yake. Zile za msuli wa paja, zilizoanza kujaribiwa Paris mwaka 2000, ziliwaletea baadhi ya wagonjwa mapigo ya hatari, wakahitaji kifaa cha kushtua moyo. Kwa hiyo mtu akikwambia "seli shina ni salama", muulize zipi.

Kwa mzee wako mimi naogopa kitu kingine. Ana stenti mpya, bila shaka anameza aspirini na klopidogreli, dawa za kuzuia damu kuganda. Kuchoma mfupa kutoa uboho huku damu haigandi vizuri kunaongeza hatari ya kuvuja damu. Wakimsimamisha dawa ili wamchome, stenti inaweza kuziba, na hapo ni shambulio jingine. Eko ni ya lini?

Mwana_Ujiji: Ya siku anaruhusiwa kutoka Dar, daktari.

Dr_Asali_Tabora: Basi hiyo asilimia 35 ni ya moyo uliokuwa bado umezubaa. Sehemu ya misuli huzinduka yenyewe wiki kadhaa baada ya mshipa kuzibuliwa. Ndiyo maana simbishii jirani wa Fundi_Mashua, ila naye nadhani alikuwa na stenti na dawa. Rudieni eko ikitimia miezi mitatu. Ikibaki 35 au chini, ndipo mjadili kifaa cha kushtua moyo. Na kabla ya hapo angalieni dawa za moyo dhaifu: bisoprololi, enalaprili, spironolaktoni, dapagliflozini. Wengi wanarudi nyumbani na nusu yake.

Binti_wa_Kasulu: Huo wimbo wa misuli kuota upya, mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Harvard chenyewe kiliomba makala 31 za Piero Anversa, mtafiti wake wa zamani aliyedai seli shina zinaotesha misuli ya moyo, ziondolewe kwenye majarida. Halafu mwongozo wa India wa 2017 unasema kazi kama hii ni utafiti, ifanyike ndani ya jaribio lililosajiliwa. Mgonjwa wa utafiti halipishwi. Mwombeni mratibu namba ya usajili.

Kiboko_wa_Malagarasi: Na vile vidonge vya seli shina vya semina za hotelini?

Dr_Asali_Tabora: Seli ukiimeza inasagwa tumboni kama dagaa. Usiache dawa za moyo kwa ajili yake.

Mwana_Ujiji: Nimemuuliza mratibu namba. Kajibu kuna punguzo hadi mwisho wa mwezi. Nimefungua mfuko wa dawa wa mzee: bisoprololi ipo, enalaprili na spironolaktoni sizioni. Jumatatu nampeleka kliniki, shemeji kanuna.