Tupeane uzoefu: shawa inatoa maji kwa kusuasua, tufunge hita ipi?

Mkazi wa Kimara: Wakuu, salaam. Nyumba ni ya chini, bafu mbili, watu watano. Maji ya DAWASA yakija yanajaza tenki la ardhini, pampu inapandisha kwenye simtanki la lita 1,000 juu ya stendi. Kitako cha simtanki kipo mita 5 kutoka chini, shawa ipo mita 2. Nataka maji ya moto yenye nguvu. Naomba vipimo, vifaa na makosa ya kuepuka. Visa vya mafundi waliotokomea na hela tunavyo vya kutosha.

Koki na Elbo: Mkuu, hita hupasha tu, haisukumi maji. Anza na presha. Kila mita 10 za kimo ni takriban bar 1 (bar ni kipimo cha presha). Wewe una mita 3 kati ya kitako cha tenki na shawa, kwa hiyo presha yako ni bar 0.3 tenki likikaribia kuisha, na zaidi kidogo likiwa limejaa. Shawa pana zile za "mvua" zinataka kama bar 1 ndipo zifanye kazi vizuri, kwako zitadondosha matone.

Pima kabla ya kununua chochote. Fungua kichwa cha shawa, kinga maji kwenye ndoo ya lita 10, hesabu sekunde. Sekunde 75 ni lita 8 kwa dakika, hiyo inatosha kabisa. Sekunde 150 ni lita 4, hapo kuna tatizo. Kisha rudisha kichwa, upime tena. Tofauti ikiwa kubwa, mchawi ni kichwa chenyewe: kichujio kimejaa mchanga au matundu yameziba chokaa. Kiloweke kwenye siki usiku mmoja.

Kama hata bila kichwa maji ni hafifu, angalia bomba. PPR, yaani bomba la plastiki la kuchomelea, ya milimita 20 inaitwa 20 kwa nje tu. Ile nene ya daraja la presha PN20 ina tundu la milimita 13.2 hivi. Ya 25 ina 16.6. Toka kwenye tenki mpaka bafuni tumia 25 au zaidi, 20 ibaki kwa kipande cha mwisho ukutani. Halafu kuna uchomeleaji. Mashine iwe nyuzi 260, bomba la 20 lipashwe sekunde 5, la 25 sekunde 7. Fundi akizidisha muda au akisukuma bomba kupita alama, plastiki inavimbia ndani na tundu linabaki kama la kalamu. Elbo kumi za namna hiyo, na ukiinua tenki mita nyingine mbili hutaona faida kubwa.

Waya Mwekundu: Niongelee instant, zile shawa za umeme, maana ndizo wengi wanakimbilia kwa bei. Nyingi ni kilowati 5.5 hivi. Maji ya Dar yanaanzia kama nyuzi 27, mwili unataka 39, kwa hiyo unapandisha nyuzi 12 tu. Kwa nguvu hiyo unapata lita 6.5 kwa dakika. Mtu wa Makambako hawezi kupata kiasi hicho kwa kifaa hichohicho, maji yake yana baridi zaidi.

Lakini hesabu hiyo inataka umeme kamili. Umeme ukishuka kutoka volti 230 hadi 190, nguvu inabaki asilimia 68, yaani kilowati 3.7. Ukiona jioni maji ni vuguvugu na asubuhi yanachoma, usikimbilie kubadilisha elementi (koili inayopasha maji).

Kwenye presha ndogo kuna shida nyingine. Ndani kuna diaframu, kiwambo laini kinachosukumwa na maji ili kugusanisha umeme. Maji yakiwa dhaifu haigusi, au inagusa na kuachia, unapata moto-baridi-moto. Kwa mita 3 inaweza kufanya kazi kama bomba ni safi. Kama kwenye boksi kuna kipande cha kupunguza presha, kisiwekwe.

Kwenye umeme, inavuta ampea 24. Waya uwe wa mm 6 za mraba: mm 4 inatosha kwenye karatasi, ila darini kwetu mchana ni tanuri na waya wa moto hubeba pungufu. Breka ya 32A ya peke yake, swichi ya 45A inayokata waya zote mbili, nje ya bafu. Ethi ya kweli, iliyopimwa, pamoja na kifaa cha kukata umeme unapovuja. Pitisha maji kwanza ndipo uwashe. Elementi kavu inaungua kwa sekunde chache.

LUKU nayo: dakika 10 ni karibu uniti 0.9. Watu watano kila siku ni kama uniti 137 kwa mwezi. Aliyeko kwenye bei ya matumizi madogo, isiyozidi uniti 75, atatolewa humo.

Dada Kigamboni: Huku visima ni chumvi tupu. Instant inafaa?

Waya Mwekundu: Dada, ile yenye elementi uchi usiiguse. Maji ya chumvi hupitisha umeme zaidi, ndiyo maana watu wanasikia "kutekenywa" wakishika koki. Tafuta iliyoandikwa kuwa ni ya maji ya chumvi, yenye elementi iliyofunikwa. Hita ya tenki, ile inayohifadhi maji ya moto, nayo ina fimbo ya magnesiamu inayoliwa na kutu badala ya tenki. Kwa kisima ikague kila mwaka, ikibaki waya katikati badilisha.

Jua Kali Mbezi: Naongeza hita za sola, kwa sababu kuna kosa linarudiwa kila mtaa. Sola za mirija ya kioo za bei nafuu nyingi hazifungwi kwa presha. Maji yanashuka kwa kimo tu. Mtu anafunga pampu kwenye maji ya baridi, bar 1.5, ya moto yanabaki bar 0.3, vyote vinakutana kwenye miksa (koki ya kuchanganya moto na baridi). Ya baridi yanashinda, yanasukuma ya moto yarudi juu, na sola inamwaga maji kwenye kipumulio (bomba la kutolea hewa). Watu wanalaumu sola. Moto na baridi vitoke kwenye chanzo kimoja chenye presha moja, ama ununue sola ya kuhimili presha.

Na bomba la moto lisipande na kushuka kama nundu ya ngamia. Hewa inakaa juu ya nundu na kwa bar 0.3 maji hayawezi kuisukuma.

Mkazi wa Kimara: Kwa hiyo kwangu nifanyeje?

Koki na Elbo: Kama ndoo imekupa chini ya lita 6 kwa dakika hata baada ya kusafisha, weka hita ya tenki lita 50, kilowati 1.5, waya mm 2.5. Maji yakifika nyuzi 60 baada ya saa moja na robo hivi, ukichanganya na baridi unapata zaidi ya lita 100 za kuoga. Zinatosha watu wawili mfululizo, wengine wasubiri kidogo.

Pampu ndogo ya presha, wati 120 hivi, ifungwe kwenye bomba linalotoka simtanki, kabla maji hayajagawanyika kwenda hita na kwenda baridi. Hapo inagusa maji ya baridi tu, sili zake zinadumu. Usiifunge moja kwa moja kwenye bomba la DAWASA, itavuta uchafu kupitia nyufa za mabomba ya barabarani.

Valvu ya usalama ya hita ikidondosha maji wakati inapasha ni kazi yake: lita 50 zikipanda mpaka 60 zinaongezeka karibu lita 0.7. Iunganishie kibomba kitoke nje, usiizibe, wala usiweke koki kati yake na hita. Kabla ya kuwasha, fungua koki ya moto mpaka maji yatoke bila kukohoa hewa.

Na pembeni ya pampu weka njia ya mchepuko yenye valvu ya kuzuia maji kurudi. TANESCO wakikata, maji yanapita hapo kwa kimo chake, angalau humalizi kuoga kwa kopo.