Nipo metadoni, maombi yamekauka na kanisani wananiambia niache dawa. Nifanyeje wakuu?

Mbagala_kwetu:
Wakuu habari za usiku. Nilikula unga (heroini) miaka sita, sasa hivi nipo metadoni, ile dawa ya hospitali ya kusaidia kuacha unga, nakaribia miaka miwili, kila asubuhi nadamka naenda klini nakunywa dozi yangu mbele ya nesi narudi kwenye mishe zangu. Mwaka jana nikaokoka, na mwanzoni bwana nilikuwa naomba mpaka machozi, mkesha siukosi. Sasa miezi minne hii nikipiga magoti hamna kitu, maneno yanaisha dakika mbili tu akili ishaenda maskani kwa washkaji. Nikamweleza mtumishi mmoja kanisani, akaniambia kinachoziba ni hiyo dawa, eti huwezi kutumikia mabwana wawili, niache nifunge siku saba. Arosto, yale mateso ya mwili ukikosa dawa, naijua wakuu, naogopa. Nyie mlioacha kweli mnaombaje? Sitaki mahubiri, niambieni mnavyofanya.

Jeshi la Bwana:
Mtumishi kakwambia ukweli. Hiyo ni roho ya uteja inajificha kwenye dawa. Funga kavu, kemea, utafunguliwa.

nesi_mstaafu:
Wewe hapo juu tulia usije ukaua mtu. Mwanangu usiache metadoni ghafla. Ukikata, arosto inakuja na inakaa muda mrefu kuliko ya unga, utashindwa utarudi kijiweni, na huko kama umekaa bila chochote mwili ushasahau, ukipiga kipimo kile cha zamani unaacha kupumua. Dozi inashushwa kidogo kidogo na daktari, tena ukiwa tayari mwenyewe. Mbona wa kisukari anapiga insulini na anaongoza kwaya hakuna anayemwambia ana mabwana wawili? Kufunga nako kuna namna nyingi, funga simu.

soba_unguja:
Mkuu mimi nilipitia soba Zanzibar, zile nyumba za kuacha unga, sasa nina miaka tisa sijagusa. Tulikuwa tunakwenda na zile hatua 12 za vikundi vya wanaoacha ulevi na unga, na ile ya 11 ndo ya maombi. Angalia inasema nini, inasema kuomba kujua mapenzi ya Mungu na nguvu ya kuyafanya, basi, haisemi kuomba mpaka usikie raha. Mimi hapo ndo nilipojikwaa, maana sisi mateja tunajuana, tunapenda kitu kinachopandisha, nikawa natafuta stimu kwenye maombi kama nilivyokuwa naitafuta kwenye unga, siku stimu haiji nasema Mungu kanikimbia.

Nilichofanya: niliacha kujilazimisha saa nzima. Asubuhi zaburi moja, nasoma kwa sauti taratibu, nikifika mstari unaonigusa nasimama hapohapo naurudia njia nzima mpaka stendi. Siku mbaya nasoma ya 13, ile ya "Ee BWANA, hata lini utanisahau", na zikizidi kuwa mbaya ya 88, hiyo mpaka inaisha ni giza tu na bado imo kwenye Biblia. Usiku kabla sijalala naipitia siku, wapi nilipata msaada, wapi nilitaka kuteleza, nani nimemdanganya. Dakika kumi. Ukiwaza maskani katikati ya maombi usijifanye huwazi, mwambie Mungu "nimemkumbuka fulani, nina hamu", hayo nayo ni maombi.

mama_kahawa:
Mwanangu pole. Mimi ni Mlutheri wa huku Bukoba, wazazi wangu walikuwa watu wa uamsho, ule uliotokea Gahini Rwanda miaka ya 1930 ukapita Uganda ukafika kwetu. Wale hawakuwa na siri, walikaa sebuleni mtu anasema mbele ya wenzake jana nilimwibia fulani, wanaomba, wanaimba, wanakunywa chai. Yakobo 5:16 inasema tuungame sisi kwa sisi tukaombeane tupate kuponywa. Wewe unapigana chumbani peke yako. Tafuta watu wawili, watatu, ila wasiwe wa kupeleka maneno kanisa zima. Na unalala? Unakula? Eliya alipotaka kufa chini ya mti malaika hakumfungisha, alimletea mkate na maji, akalala, akaamshwa akala tena, ndiyo akapata nguvu ya kwenda Horebu.

Jeshi la Bwana:
Haya mama, la Eliya nimelipokea. Ila maombi ya kukemea nayo yapo.

Mbagala_kwetu:
Asanteni sana, @soba_unguja hapo kwenye stimu umenipiga katikati. Mama kulala ni shida kweli, kula ni chipsi jioni. Dawa siachi, kesho nitamwambia na daktari kuhusu usingizi. Kuna jamaa tunapanga naye foleni klini kila siku, naye ameokoka, hatujawahi kuombeana hata siku moja, tunaongelea Simba na Yanga tu. Namwanzaje sasa, si atanishangaa?

soba_unguja:
Mwambie tu umekwama. Sisi tunajua hilo neno.