Anasoma kwa sauti bila kukwama, lakini haelewi alichosoma

Mwezeshaji wa kisomo, Morogoro:
Ndugu wadau, naomba ushauri. Darasani kwangu yumo kijana wa miaka 27 mwenye ulemavu wa akili, ambaye husoma vizuri kwa sauti, lakini nikimuuliza aya inahusu nini, hurudia maneno ya mwisho tu. Juzi alisoma "2x3" kwenye bahasha ya dawa ya mama yake, akatamka sawasawa "mbili mara tatu", kisha akaeleza kwamba mama ameze vidonge sita kwa pamoja. Je, nimrudishe kwenye silabi?

Mwalimu wa elimu maalumu:
Hapana, kwenye silabi hana tatizo. Mwaka 1986 watafiti Gough na Tunmer walieleza kwamba ufahamu wa kusoma ni zao la kuzidisha mambo mawili, yaani kuyatambua maneno yaliyoandikwa na kuielewa lugha yenyewe, hivyo moja likiwa sifuri, zao nalo ni sifuri. Kwa kuwa Kiswahili hutamkwa kama kinavyoandikwa, mwanakisomo huweza kulimudu la kwanza mapema, nasi tukadanganyika kwamba la pili nalo limekamilika. Msomee wewe aya hiyohiyo, yeye asikilize tu. Asipoielewa hata hapo, shughulikieni msamiati na mazungumzo.

Mwezeshaji mstaafu:
Naunga mkono, ila msisahau viambishi, yaani vipande kama "a-" na "-m-" katika "alimpa" vinavyoonyesha nani katenda na nani katendewa. Katika sentensi "Asha alimpa Rehema fedha zake akaondoka", wanakisomo wangu wengi walishindwa kusema ni nani aliyeondoka (na hizo fedha ni za nani, hata mimi sina hakika), kwa hiyo tuliigiza kwanza, ndipo tukasoma. Watafiti Palincsar na Brown, mwaka 1984, walipendekeza kubashiri, kuuliza, kufafanua na kufupisha, huku wanafunzi wakipokezana nafasi ya mwalimu. Mimi huanza na kubashiri na kuuliza tu, maana kufupisha huwalemea. Tafadhali, msiwape hadithi za sungura watu wenye ndevu. Ujumbe wa simu wa kupokea fedha au tangazo la mkutano wa kijiji hufaa zaidi.

Mwezeshaji wa kisomo, Morogoro:
Ahsanteni, walimu wangu. Nitaanza na kumsomea. Na ile dawa?

Mwalimu wa elimu maalumu:
Hiyo isisubiri kisomo. Mwombe mfamasia aandike "vidonge viwili asubuhi, viwili mchana, viwili usiku", na pembeni achore jua linalochomoza, jua la utosini na mwezi, kila mchoro ukiwa na viduara viwili.