Kushusha Mark X bila kuumiza mgongo: springi fupi, koiliova au mifuko ya hewa?

Goba_Juu
Wakuu, heshima kwenu. Nina Mark X GRX120, injini ya 2.5, bado iko na rimu za 16 na tairi 215/60. Nataka ilale kidogo. Pengo kati ya tairi na fenda linaingia ngumi nzima na kila nikiegesha linanikera. Shida ni kwamba hii ndiyo gari ya nyumbani: asubuhi natoka nayo Goba kwenda mjini, mwisho wa mwaka inapanda Dodoma na mama watoto na wanangu.

Nimeuliza watu, kila mmoja ana lake. Fundi wa kwanza anasema tukate springi mzunguko mmoja, saa moja kazi imekwisha. Wa pili anasema ninunue springi fupi, shokapu zibaki hizihizi. Vijana wa kuosha magari wanasema koiliova (springi na shokapu zilizoungana, kimo kinarekebishwa) au niache kabisa. Jirani yangu naye haimbi kingine ila mifuko ya hewa, ile inayokaa badala ya springi. Kwa macho zote zitapendeza, hilo halina ubishi. Naomba mnilinganishie kwa mtu aliyekaa ndani.

Springi_na_Hesabu
Mkuu, kabla ya kuchagua kifaa, jua kwanza gari yako ina nafasi kiasi gani ya kuzama. Chukua kamba ya plastiki, zile za kufungia nyaya, uifunge kwenye fimbo ya shokapu iliyo wazi, karibu na pale inapoingilia. Kwenye gari yako itabidi uinue kile kifuniko cha vumbi kwanza. Endesha njia zako za kawaida, matuta yote na rasta zote (vile vituta vidogo vya mfululizo), na watu wako ndani. Ukirudi utaikuta kamba imesukumwa juu mpaka pale shokapu ilipozama kabisa. Tazama imebakiza umbali gani kabla ya kufika kwenye mpira wa kugotea. Hicho kilichobaki ndicho unachotaka kukiuza ili ngumi isiingie kwenye fenda.

Wengi wanasema gari iliyoshushwa inaumiza kwa sababu springi ni ngumu. Ni kweli, ila ugumu umekuja kwa sababu nafasi imepungua. Tuseme gari ina sentimita 8 za kuzama kabla ya kugota. Ukiishusha sentimita 4, zimebaki 4. Ili imeze pigo lilelile ndani ya nusu ya nafasi, springi inatakiwa iwe ngumu mara nne, si mara mbili. Hakuna anayekuuzia springi ngumu mara nne kwa ajili ya gari ya nyumbani, kwa hiyo unachopata ni springi ngumu kiasi, halafu kwenye tuta la kweli gari inagota. Ule mgoto ndio unaopiga uti wa mgongo.

Sasa kulinganisha. Kukata siungi mkono hata kidogo. Springi fupi na shokapu za zamani: mwanzo utafurahi, ila shokapu ile ilitengenezwa kutuliza springi laini, na sasa inafanya kazi ikiwa nusu imezama muda wote. Springi fupi na shokapu fupi zinazoendana nazo: hapo ndipo ningekaa mimi. Koiliova: inategemea ipi, na nani kaifunga. Hewa nawaachia wenye nayo.

Mzee wa Grande
Kijana hapo juu kaeleza vizuri lakini msidharau kukata. Sisi tumekata springi za Mark II tangu GX90 na watu walizeeka nazo. Ukikata nusu mzunguko, kwa grainda, gari inakaa vizuri tu.

Springi_na_Hesabu
Shikamoo mzee. Nusu mzunguko kwa grainda, sibishani sana. Ila mtaani nani anakata nusu? Wanakata mmoja, mmoja na nusu, na wengine wanapasha kwa moto wa gesi mpaka springi ianguke yenyewe. Chuma cha springi kimepewa ugumu wake kiwandani kwa joto maalumu, ukikipasha tena pale gereji umekiua, kitaendelea kulala kidogo kidogo, upande mmoja zaidi ya mwingine.

Na kukata kunaongeza ugumu pia. Springi yenye mizunguko 6 inayofanya kazi, ukiondoa mmoja inakuwa ngumu zaidi kwa asilimia 20. Umepata ugumu wa springi ya dukani bila shokapu ya kuutuliza. Halafu ile ncha iliyokatwa haikai tena kwenye kitako chake. Inua gari kwa jeki uone: springi inacheza ndani kama njugu kwenye debe. Siku gurudumu likining'inia kwenye korongo, inaweza kurudi imekaa upande.

Mzee wa Grande
Marahaba. Hilo la moto wa gesi nakubaliana nawe, huo ni uuaji.

ImprezaNairobi
Vipi wadau, mimi niko Nairobi na Impreza GH. Niliweka koiliova, springi za kilo 8 mbele na 6 nyuma, yaani kilo za kuibana springi milimita moja. Kwa Thika Road hapo ni raha tupu, gari imetulia, kona haiyumbi. Lakini kwa mtaa, kwa zile bampu watu wa estate wanajijengea wenyewe, abiria huacha kuongea. Ndugu, ukiona koiliova ya kilo 10 ya Mark X usidhani ni kitu ya kawaida, hiyo ni mawe.

Springi_na_Hesabu
Kaka wa Nairobi, hapo kuna jambo linawachanganya wengi. Kilo za springi hazilinganishwi gari kwa gari. Mbele ya Impreza yako springi imekaa juu ya gurudumu karibu moja kwa moja, gurudumu likipanda milimita 100, springi inabanwa karibu hizohizo. Kwenye Mark X springi inakaa kwenye mkono wa chini, ndani zaidi. Tuseme gurudumu likipanda milimita 100 springi inabanwa 65. Ugumu unaofika kwenye gurudumu unazidishwa kwa 0.65 mara mbili: kilo 10 zinageuka kama 4.2. Zako 8 zimebaki 7 na kitu. Kwa hiyo kilo 10 za Mark X ni laini kuliko 8 zako.

Kipimo kinachofaa ni gari inapanda na kushuka mara ngapi kwa sekunde ukiiacha icheze yenyewe. Gari za familia ziko kwenye mara 1 mpaka 1.5. Ukipita 2 umeingia kwenye gari za mashindano. Kwa hesabu hiyo ya mfano Mark X yenye kilo 10 inakuja kama 1.7, yako inapita 2. Bado 1.7 si starehe ya Dodoma, ila si mawe.

ImprezaNairobi
Aisee. Sikuwa nimeiona hivyo. Basi mjue pia kwa Subaru mkishusha sana mbele, ile mikono ya chini inaelekea juu badala ya kulala sawa, na gari inaanza kulalia kona hata kama springi ni ngumu. Huku watu hushusha wakidhani wanapata kona, kumbe walipitiliza.

Mama_wa_Siti_ya_Nyuma
Naomba niseme kama abiria, maana kina baba wote hapa mmekaa mbele. Mume wangu alifunga koiliova kwenye Crown. Yeye mbele anasema "mbona iko poa". Njoo nyuma. Matuta makubwa wala si tatizo, anapunguza mwendo, tunapita. Kinachotuua ni vidogo vidogo: rasta za kuingia vijijini, viraka vya lami, maungio ya madaraja. Ule mtetemo wa haraka haraka unapanda kwenye kiti, unaingia mpaka kwenye meno. Mtoto alikuwa analala safari nzima, sasa halali. Kaka Goba, kabla ya kununua chochote tafuta mwenye Mark X iliyofungwa kitu hicho, umuombe akupitishe kwenye rasta wewe ukiwa siti ya nyuma.

Na usiku taa zilikuwa zinamulika chini karibu na gari, mbali hatuoni. Kumbe taa zinazojirekebisha zenyewe zinasoma kimo cha gari kwenye mkono wa nyuma, na ukishusha gari kile kipimo kinadanganyika. Fundi umeme alirekebisha kile kijiti, ikaisha.

Springi_na_Hesabu
Dada umeeleza kuliko sisi wote. Mwili wa mtu aliyekaa unaumizwa zaidi na mtikisiko wa juu-chini wa kati ya mara 4 na 8 kwa sekunde, na shokapu iliyokazwa sana ndiyo inayoupitisha kutoka barabarani mpaka kwenye kiti. Kwenye rasta springi inahusika kidogo sana. Mwambie shemeji alegeze ngazi za ugumu za shokapu za nyuma kwanza, ni bure.

Kijana_Koiliova
Ndiyo maana nasema koiliova! Zina kitasa cha kuzungusha, cha kurekebisha ugumu. Koiliova ya BC ile BR ina ngazi 30, ya Tein ile Flex Z ina 16. Ukienda Dodoma unalegeza, ukirudi unakaza. Springi fupi ukishafunga umefunga. Watu wanazisema vibaya kwa sababu wanazishusha mpaka chini ya uwezo wake.

Springi_na_Hesabu
Nakubali nusu. Kile kitasa hakigusi springi, kinabadilisha shokapu tu. Ukilegeza sana juu ya springi ngumu, gari haiwi laini, inakuwa inadunda: unapita tuta, inaendelea kupanda na kushuka, na watoto wanatapika. Kila springi ina eneo lake kwenye ngazi hizo, nje ya hapo unabadilisha aina ya mateso.

Ila kuna faida moja ya koiliova ambayo hukuitaja, na ndiyo kubwa. Zile ambazo mguu wa chini unazunguka wenyewe, kimo kinabadilishwa pale chini bila kugusa springi, kwa hiyo nafasi ya kuzama ya shokapu haipungui. Zile za bei ndogo ambazo unashusha kitako cha springi tu, kila sentimita unayoshusha unaikata kwenye safari ya shokapu. Ukienda dukani uliza hilo kabla ya kuuliza ngazi. Uliza pia maunti ya juu (pale shokapu inaposhikwa kwenye bodi) ni ya mpira au ya chuma. Ya chuma inakupa usukani mzuri na kelele kila siku ya Mungu.

Bahari_Hewa
Mimi niko Mombasa, nina hewa, Air Lift 3P, kwenye gari tofauti na yako. Jirani yako hakukosea, lakini hakumaliza maneno. Raha ya hewa ni kuinua. Nafika kwenye bampu, nabonyeza, napita na sampu yangu (karai la oili chini ya injini) salama, hakuna springi fupi itakupa hilo. Kwa kimo cha kati inaelea vizuri sana. Lakini picha unazoziona gari imelala chini kabisa, hiyo imeegeshwa. Ukiiendesha hivyo unaendesha juu ya mipira ya kugotea.

Bei yake inapita koiliova mara kadhaa ukihesabu mtungi, kompresa na kazi ya kupitisha mipira ya hewa. Na huku pwani hewa ina maji, usipokuwa na kichujio na usipomwaga maji ya mtungi, valvu zinaanza kuvuja. Kwa mtu mwenye gari moja ya nyumbani, singekushauri.

Goba_Juu
Nawashukuru sana. Kukata nimekufuta, mzee anisamehe. Hewa mfuko wangu hauna hewa hiyo. Imebaki springi fupi na shokapu zake, au koiliova niiweke juu juu. Nishushe kiasi gani? Na rimu za 18 nimeshaziona mahali.

Springi_na_Hesabu
Milimita 25 mpaka 30, basi. Ngumi haitaingia, vidole vitaingia, na macho yataridhika. Kwa kimo hicho Eibach na wenzao wanatengeneza springi ambazo ni ngumu kidogo tu kuliko za kiwandani. Shokapu tafuta zilizotengenezwa kwa gari iliyoshushwa. Bilstein kwa mfano wanatenganisha, B6 ni ya kimo cha kawaida, B8 ni fupi. Hakikisha kwanza kama zipo za gari yako, kama hazipo ndipo uende koiliova ya mguu unaozunguka, uiweke kwenye kimo hichohicho.

Rimu 18 ziache. 215/60 ya rimu 16 ina ukuta wa milimita 129. Ukiweka 225/45 ya rimu 18, kipenyo kinabaki karibu kilekile lakini ukuta unabaki 101. Umepoteza karibu sentimita 3 za mto wa hewa, na umezipoteza kwenye rasta, palepale anapolalamikia dada.

Kijana_Koiliova
Mark X kwenye rimu 16 iliyoshushwa? Mkuu usimfanyie hivyo kijana wa watu. 17 basi.

Springi_na_Hesabu
17 nimekubali, 215/55. Ukuta 118.

Gereji_Tabata
Wakubwa mmesahau kazi yenyewe. Ukishafunga, alaimenti ni lazima, na mwambie fundi wa mashine aanze na too, yaani magurudumu yanavyoelekea ndani au nje ukiyatazama kutoka juu. Watu wanalaumu kemba, yaani gurudumu kuinama, lakini kinachokula tairi ndani haraka zaidi ni too iliyofunguka. Safari ya Dodoma na too mbovu unarudi na nyaya za tairi zinaonekana.

La pili, bushi. Mkono wenye bushi ya mpira usikazwe gari ikiwa juu ya jeki na magurudumu yananing'inia. Ukikaza hivyo, gari ikishuka bushi inabaki imejisokota muda wote, inakuwa springi ya pili usiyoilipia, na baada ya muda mfupi inachanika. Fundi aweke bolti kwa mkono, ashushe gari kwenye magurudumu, aisukumesukume ikae kwenye kimo chake kipya, ndipo akaze. Hata kama hubadilishi bushi, zile zilizopo alegeze akaze upya. Ukimuona anakaza gari ikiwa hewani, msimamishe hapohapo.