Mjadala: Serikali igawe dawa ya viwavi bure au ichimbe mabwawa kwanza?

Mleta mada, Ismani: Kamwene wote. Mvua imekata, hii wiki ya tatu. Mahindi yako magotini na viwavijeshi vamizi wamejaa kwenye moyo. Mimi nasema mabwawa kwanza. Hindi lenye maji likiliwa jani linatoa jingine. Likikosa maji linajikunja, linadumaa, na kiwavi anakula kilekile kilichobaki.

Kijana wa Mbozi: Dawa kwanza. Bwawa ni miaka, shamba linaisha mwezi huu. Na nyie Ismani mnachelewa kupanda kwa sababu ya ulanzi, pombe yenu ya mianzi, halafu mnalia ukame.

Mama Wawili: Ulanzi? Ismani kulivyo kukavu, mianzi iote wapi? Ulanzi ni wa Kilolo na Mufindi. Usitutukane kwa kitu usichokijua.

Kijana wa Mbozi: Dada, Iringa ni Iringa tu.

Kilolo Juu: Na sisi tumekosa nini? Tunagema alfajiri, jua likichomoza tuko shambani. Marehemu baba alitusomesha wote kwa ulanzi. Omba radhi.

Mzee wa Uyole: Taratibu, vijana. Anayechelewa kupanda hupokea nondo, yaani vipepeo wanaozaa viwavi hawa, waliokwisha kuzaliana kwa jirani, hilo kweli. Lakini na hali ya hewa ina lake. Kwenye joto, yai hadi nondo ni kama siku 30. Kwenye baridi hufika 60 na kuzidi. Mvua kubwa nayo huwasomba na kuwazamisha wale wadogo. Mvua ikikata, nani atawapunguza?

Mama Wawili: Shikamoo mzee. Mimi nilipanda Desemba, miche ikafia ardhini, nikarudia Januari. Mbegu nimenunua mara mbili! Aseme tena ni ulevi.

Bomba Mgongoni: Hivi hawa wadudu si wapo tangu enzi za babu zetu?

Mzee wa Uyole: Wale wa zamani, wanaotembea kwa makundi, ni aina nyingine. Huyu asili yake ni bara la Amerika. Afrika alionekana 2016, kwetu 2017. Mtazame kichwani, ana alama ya Y iliyopinduliwa.

Kijana wa Mbozi: La ulanzi nililisema kwa haraka.

Kilolo Juu: Kusema kwa haraka siyo kuomba radhi.

Mleta mada, Ismani: Jamani, na maharage je? Yangu yanageuka njano. Ukiling'oa, shina chini limevimba na kupasuka, ndani kuna funza.

Mzee wa Uyole: Huyo ni inzi wa maharage, na kwenye ukame anaumiza zaidi. Funza wanakata njia ya maji palepale chini ya shina. Pandishia udongo, mizizi mipya itoke juu ya kidonda. Ila udongo uwe na unyevu.

Mleta mada, Ismani: Unyevu ndio sina, mzee wangu.