Masta ya Kiingereza: nibaki Mlimani, niende Uingereza, au niombe PhD Marekani moja kwa moja?

Mwl_Korogwe
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mwalimu wa sekondari ya serikali, digrii yangu ni ya ualimu, masomo Kiingereza na fasihi. Nataka kusonga mbele kwenye fasihi ya Kiingereza na baadaye nifundishe chuo. Nina mke na mtoto mmoja. Njia ninazoziona ni tatu: masta Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM), masta ya mwaka mmoja Uingereza, au kuomba PhD Marekani kwa digrii hii hii, maana nasikia inawezekana. Waliopita huko nifungueni macho. Kejeli pelekeni jukwaa la siasa.

Mlimani_B
Kwanza GPA yako, wastani wa alama za chuo, ni ngapi mkuu? Matangazo ya kazi ya vyuo vya umma hapa nyumbani hutaka 3.8 digrii ya kwanza na 4.0 ya masta. Ukiwa na 3.3, hata masta iwe ya Oxford, ukirudi unakutana na geti lile lile.
Halafu UDSM fasihi ina idara yake, na isimu ya Kiingereza iko Lugha za Kigeni na Isimu. Soma jina la kozi vizuri kabla ya kulipia fomu, usije ukaingia kwa ajili ya riwaya ukajikuta unachambua fonimu, yaani sauti za lugha.

Nakuru_Boy
Na Nairobi mbona mmeiruka? Pale ndipo Ngũgĩ, Taban lo Liyong na Owuor-Anyumba waliandika mwaka 1968 kwamba idara ya Kiingereza ifutwe, Afrika iwekwe katikati na fasihi simulizi ipewe heshima yake. Kama unataka fasihi yetu, tafuta idara zilizofuata njia hiyo. Kama roho yako iko kwa Milton na washairi wa kale wa Uingereza, panda ndege tu. Ngũgĩ mwenyewe alienda Leeds 1964, masta hakuimaliza, akatoka na riwaya.

BintPangani
Shikamoo mwalimu. Niko huku Marekani, PhD ya Kiingereza, chuo cha umma. Nitaandika kirefu kidogo.

Masta ya huku mara nyingi unajilipia. Usijaribu kwa mshahara wa mwalimu. PhD ndiyo inayolipiwa: ada inafutwa, unapewa posho, na wewe unafundisha uandishi kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Ni ajira kabisa, utasahihisha insha hadi macho yaume. Digrii ya kwanza inatosha kuombea, na masta unaipata njiani. Miaka ni 5 hadi 7.

Kinachokubeba ni sampuli ya maandishi, kurasa 15 hadi 20. Hapa ndipo sisi wa Bongo tunapoangukia. Tumelelewa kwenye "fani na maudhui": dhamira, wahusika, mandhari, mwandishi amefanikiwa, kwisha. Huku wanataka hoja moja, yenye ubishi ndani yake, uitetee kwa kunukuu kitabu mstari kwa mstari na kujibu wahakiki waliokutangulia. Insha nzuri ya chuo iandike upya kabisa. Barua tatu ziombe kwa wahadhiri wanaokukumbuka, hata kama hawana vyeo vikubwa. Mtihani wa GRE wa fasihi, waliokuwa wakifanya waombaji wa huku, ulifutwa 2021, hilo lisikutishe. Maombi mengi hufungwa Desemba au Januari, na ukipata, una hadi Aprili 15 kujibu.

Upande mchungu sasa. Posho mara nyingi ni ya miezi 9, kiangazi ujijue. Viza ya F-1, ya mwanafunzi, inakuruhusu kazi za chuoni tu, saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Mkeo akija kwa F-2, viza ya familia ya mwanafunzi, haruhusiwi kufanya kazi. Na kanuni za viza hubadilika sana, ziangalie kabla hujalipia maombi.

Mzee_wa_Hoja
Miaka sita kusoma riwaya! Kazi ziko wapi?

BintPangani
Mzee, kazi za uprofesa wa Kiingereza huku zimepungua tangu 2008, sikufichi. Atakayekuja akitegemea kubaki afikiri mara mbili. Huyu ana kwao pa kurudi.

Medway_TZ
Uingereza ni mwaka mmoja, na mwaka wenyewe mfupi: Septemba unaanza, kiangazi chote unaandika tasnifu. Tangu Januari 2024 mwanafunzi wa masta ya kozi haruhusiwi kuja na mke wala mtoto, isipokuwa anayefadhiliwa na serikali. Tazama Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, inalipa kila kitu. Wanataka saa 2,800 za kazi, ambazo mwalimu unazo tayari, na ukimaliza urudi nyumbani miaka 2. Na hapana, sijawahi kukutana na Gurnah, yule mshindi wa Nobel aliyefundisha Chuo Kikuu cha Kent. Nikisema nimesoma Kent kila mtu ananiuliza.

Mlimani_B
Popote uendako, ruhusa ya masomo kwa mkurugenzi wa halmashauri iwe ya maandishi, usije ukaitwa mtoro.

Mwl_Korogwe
Marahaba dada, na asanteni wote. GPA ni 3.9. Nimemsomea mama watoto uzi mzima. Mwaka mmoja kila mtu kivyake anakubali, miaka sita akae ndani bila kazi hataki hata kusikia. Basi dirisha la Chevening likifunguliwa naomba, na fomu ya Mlimani najaza vilevile. Dada, hiyo insha naweza kukutumia inbox uipitie?

BintPangani
Tuma mwalimu. Ila subiri wiki ijayo, mezani nina rundo la wanafunzi wangu.